Jibu Lilikuwa B

Mwaka ule mvua ya mwezi wa tatu ilichelewa, na mimi nilifurahi ichelewe. Wazazi waliiombea kanisani kila Jumapili, mbegu zao zikingoja kwenye magunia, na mimi mwalimu wa watoto wao nilikuwa nikiomba kimoyomoyo ikae huko huko iliko mpaka tumalize mtihani. Kila anayeishi upande huu wa Kwa Vonza anajua kwamba mvua ikishuka, nyoka hutoka mashimoni. Na watoto wangu wa gredi ya sita walikuwa wakienda nyumbani kila jioni wakiimba wimbo niliowatungia mwenyewe, wimbo wa kueleza mtu aliyeumwa na nyoka afanyiwe nini. Wimbo ule ulikuwa na kosa. Nililijua kosa lenyewe, na nilikuwa nimeamua kulinyamazia.

Nieleze kwanza ulikotoka. Kila muhula shule zote za zoni yetu hufanya mtihani mmoja. Karatasi huchapishwa pamoja, alama hukusanywa, kisha shule hupangwa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho na orodha kubandikwa kwenye mlango wa ofisi, pale ambapo mzazi akija kuuliza habari ya sare lazima aione. Nilipohamishiwa shule ile niliikuta mkiani. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Kukaa mkiani kulinifanya nishindwe kumaliza chai yangu ya saa nne.

Watoto wale hawakuwa wajinga. Shida yao ilikuwa kwamba jibu halikai. Unawaeleza Jumatatu, Ijumaa wanakutolea macho kama mgeni. Lakini nyimbo za kanisani walizijua zote, tangu walipokuwa migongoni mwa mama zao. Basi nikachukua zile pambio, nikaondoa maneno ya sifa, nikatia majibu. Viungo vya mmeng'enyo tuliviimba kwa kupiga makofi. Sayari tuliziimba tukiyumba kushoto na kulia. Mchungaji alipita siku moja akacheka hadi akashika mbavu, akasema hana neno mradi nisizilete Jumapili.

Katika mihula mitatu tulitoka mkiani tukawa wa kwanza.

Najua wako wanaosema mitihani inaua elimu. Wengi wao niliwasikia kwenye semina za walimu, wamekula wakashiba. Mimi nilizaliwa upande wa Salama, kule Makueni, na kabla ya kwenda shule nilikuwa nimesimama kando ya barabara kuu na beseni la machungwa kichwani nikikimbilia madirisha ya mabasi. Mwalimu mmoja alinishindilia karatasi za mitihani iliyopita mpaka nikawa naota majibu. Sikumbuki nilijifunza nini hasa. Nakumbuka tu kwamba nilipita, na beseni likabaki pale na ndugu zangu. Kwa hiyo mtu akiutukana mtihani mbele yangu, huwa namwona kama anayemtukana mzazi wangu.

Na nyimbo zilisaidia, hilo nitalisema hata leo. Kulikuwa na msichana katika darasa lile, mdogo wa mwili, makini, aliyekuwa akishika nafasi ya kwanza kila mtihani mpaka wenzake wakaacha kumwita kwa jina lake. Walimwita Namba Wani, nasi walimu tukafuata. Siku moja mtoto mchanga wa jirani yao aliharisha hadi macho yakaingia ndani. Watu wazima wakiwa bado wanabishana, Namba Wani alichukua lita moja ya maji yaliyochemshwa, akatia vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku akiimba ili asikosee vipimo. Mtoto akanyweshwa kidogo kidogo njiani hadi zahanati, na akapona.

Mama yake alikuja shuleni wiki hiyo. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyelea watoto wake kwa kusuka viondo, na hata akiwa anaongea nawe vidole vyake viliendelea kusokota uzi wa katani pajani bila yeye kuvitazama. Alinipa kiondo chenye mistari ya zambarau.

"Mwalimu, mimi niliachia shule darasa la tatu," aliniambia. "Lakini sasa huyu akisema kitu kwa nyumba, mimi nafuata. Yeye ndiye anajua."

Nilivimba kichwa wiki nzima. Ni baada ya hapo ndipo nikautunga ule wa nyoka.

Swali la nyoka lilikuwa likija kila mara. Katika karatasi tatu mfululizo za zoni waliulizwa hatua ya kwanza ya kumsaidia aliyeumwa, na katika karatasi zote tatu jibu kwenye orodha ya kusahihishia lilikuwa B: kufunga kwa nguvu juu ya jeraha. Nikachukua pambio yenye mwendo wa haraka. Funga juu, funga sana, sumu isipite. Hapo wanapiga kofi moja, wanakaza ngumi, wanarudia. Uliwaingia kuliko nyimbo zote. Ukuta kati yetu na gredi ya pili ni wa mbao, hivyo hata wale wadogo waliushika. Ukienda mtoni unausikia. Ukipita dukani unausikia.

Sista wa zahanati aliusikia Jumanne moja alipokuja kuwapa watoto dawa ya minyoo. Alisimama dirishani na ndoo yake ya vikombe mpaka walipomaliza, kisha akaniita nje.

"Hiyo wimbo nani amewafundisha?"

"Ni mimi," nikasema, nikingoja sifa.

"Madam, waambie waache. Huku kwetu anayeuma watu sana ni bafe. Sumu yake inakula nyama. Ukifunga, unaifungia pahali pamoja, na damu safi haifiki. Mkono unaoza. Mtu anafaa alazwe, asitembee, atolewe pete na viatu, akimbizwe hospitali. Kufunga hapana. Hiyo tuliacha zamani."

"Lakini jibu la mtihani ni kufunga."

"Basi huo mtihani wenu utakatia mtu mkono," akasema, akainua ndoo yake akaingia gredi ya tano.

Nilichukia alivyosema. Nilichukia zaidi kwa sababu nilijua hasemi ovyo. Saa ya chakula nilimpigia simu mwalimu aliyesimamia karatasi za zoni, nikamweleza. Akanijibu kwa upole wa mtu mwenye haraka kwamba karatasi zilikuwa zimeshachapishwa, swali limo, jibu ni lile lile, na orodha ya kusahihishia haibadilishwi na shule moja. "Pitisheni hii kwanza," akasema. "Muhula ujao tutaangalia."

Mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu. Nilijua nikiwaambia watoto kwamba jibu ni kutofunga, watachagua kutofunga, na shule nzima itaanguka swali hilo. Nikiwaambia kwamba kuna jibu la mtihani na kuna jibu la nyumbani, watachanganyikiwa, na mtoto akianza kuuliza kama majibu mengine nayo yana la nyumbani, nitamjibu nini? Kwa hiyo nikajiambia: wiki tatu tu. Mvua haijaja. Nitawaeleza siku ile ile watakapoweka kalamu chini.

Mvua ikaja baada ya siku tisa.

Asubuhi yake darasa lilinuka udongo na sweta mbichi. Watoto walikuwa na furaha, na walipofika kwenye wimbo wa nyoka walikaza ngumi kuliko siku zote. Niliinua mkono wakanyamaza. Nikasema, "Sikilizeni, kuna jambo kuhusu hii ya nyoka." Namba Wani alikuwa ameshafungua daftari na kushika kalamu, maana yeye nikisema "sikilizeni" huandika. Nakumbuka ile kalamu ikiningoja. Hapo mwalimu mkuu akaingia na karatasi mkononi, uso wote meno, kutangaza matokeo ya jaribio la katikati ya muhula: tulikuwa mbele ya shule iliyotufuata kwa alama chache sana. Chache sana, alirudia, kwa hiyo mtu asilegee hata kwa swali moja. Watoto wakapiga makofi. Alipotoka walinigeukia, wakangoja.

"Tulikuwa wapi?" nikauliza.

"Kwa nyoka!" wakasema.

"Imbeni tena," nikasema.

Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi yake yule mama alikuwa shambani akiokoa mbaazi zilizoangukiwa na matawi, akatia mkono chini ya majani, na bafe aliyekuwa amejikunja pale akamuuma nyuma ya kiganja cha kulia. Nilisimuliwa na watoto Jumatatu, wote wakisema kwa pamoja. Mama alipiga kelele. Jirani mmoja alisema apakiwe kwenye boda vivyo hivyo, aende. Lakini Namba Wani alikuja mbio, akamkalisha mama yake chini, akachana leso, akafunga juu ya kiganja, akatia kijiti akakizungusha mpaka mama akalia kwa uchungu wa kufungwa kuliko ule wa kuumwa.

"Na aliimba, Madam," wakaniambia. "Aliimba yote hakusahau hata moja."

Walipofika mtoni walikuta maji yamejaa hadi kwenye kingo. Boda haikuweza kuvuka. Walikaa ng'ambo ya huku karibu saa nne wakiyatazama maji, mkono ukiwa umefungwa, na kila mara mama alipoomba alegezewe, mtoto alikataa. Alimwambia avumilie, kwamba akifungua sumu itapita.

Nilisikiliza hayo yote nimeshika meza. Wakanisifu. Walisema mwenzao ni kama daktari.

Alhamisi nilikwenda Kitui mjini kumtazama. Nilimkuta amelazwa, mkono umeviringwa bendeji hadi kwenye kiwiko, na chini ya bendeji kulikuwa na harufu ambayo sitaieleza. Alitabasamu aliponiona. Akaniambia ni Mungu na ni mwalimu.

"Daktari alipofungua aliuliza nani amefunga hivi. Nikamwambia ni mtoto wangu, ni namba wani shule yote. Akatikisa kichwa tu."

Namba Wani alikuwa amesimama kwenye miguu ya kitanda. Yeye aliuelewa ule mtikisiko wa kichwa. Niliona usoni mwake kwamba aliuelewa, na kwamba alikuwa amekaa nao peke yake tangu Jumamosi. Ningesema pale. Wodi ilikuwa na watu, manesi walikuwa wakipita, mama alikuwa ameshika mkono wangu kwa ule mzima. Nikasema nitaombea. Nikaondoka nikijiita majina mabaya hadi kituo cha magari.

Wiki iliyofuata tukafanya mtihani. Msichana alikuja, maana mama yake alimtuma asikose. Swali lilikuwa la thelathini na moja. Nilisimamia darasa la watu wengine, sikumwona akilijibu, lakini nilikuwa miongoni mwa waliosahihisha sayansi, na karatasi yake ilinifikia mkononi nikaijua kwa mwandiko. B. Alikuwa ameizungushia duara safi lisilotetemeka. Alijua kilichotokea, na alijua pia tunachotaka. Nikaweka alama ya vema. Tukawa wa kwanza tena, na katika swali hilo shuleni kwetu hakuanguka hata mtoto mmoja.

Wakati wa likizo mama alikatwa mkono, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Sumu ya bafe ingeweza kumuumiza sana hata asingefungwa, hilo sista aliniambia baadaye akijaribu kunitia moyo. Lakini hakusema mkono ungepotea. Nilimuuliza mara mbili, na mara zote mbili hakusema.

Mama aliporudi nyumbani nilianza kusikia habari za mtoto. Kwamba hasemi. Kwamba anaamka kabla ya wote, anachota maji, anapika, anamvalisha mama, anamfunga mama vitufe, na mama akijaribu kushika uzi wa katani kwa meno ili asokote kwa mkono mmoja, yeye hutoka nje. Kwamba alimwambia shangazi yake, mara moja tu, "Ni mimi nilikata." Shangazi alidhani ni utoto, akacheka akilisimulia. Mimi sikucheka. Mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa amebeba kosa langu, na hakuna mwingine duniani aliyeweza kumtua. Nililijua hilo, na bado siku zilipita nikiogopa. Niliogopa wazazi, niliogopa kazi yangu, niliogopa hata ile orodha mlangoni.

Jumapili ya mwisho ya likizo mvua ilikuwa ikipiga mabati ya kanisa. Mama alisimama kutoa ushuhuda. Mhudumu akampa kipaza sauti, akakishika kwa mkono wa kushoto.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mimi ningekuwa kaburini. Mungu alitumia mtoto wangu, na mtoto alitumia masomo. Mkono umeenda lakini uhai uko. Nataka mwalimu wake asimame."

Makofi yakapigwa. Mchungaji alitushika mimi na msichana mabegani akatusimamisha mbele, tukiwatazama watu. Akasema shule na kanisa ni kitu kimoja. Kisha akawaambia watoto wa viti vya mbele watuimbie ile yao, ya nyoka, leo anairuhusu.

Wakaanza. Na kwa kuwa pambio ilikuwa yao wote, kina mama wakaidaka. Wazee wakafuata. Mpiga ngoma akapata mwendo. Watu wazima zaidi ya mia wakikaza ngumi, funga juu, funga sana, na nje ile mvua, na mashamba yao yote yenye magugu yakiwangoja Jumatatu. Nikaona watakavyofunga. Nikaona mikono ya watoto wao.

Nilimnyang'anya mchungaji kipaza sauti. Hakuna neno lingine, nilimnyang'anya.

"Nyamazeni," nikasema, kwa ile sauti ya darasani. Wakanyamaza. "Hiyo wimbo ni ya uongo. Mtu akiumwa msimfunge. Mlaze chini, asitembee, mtoe pete, mtoe viatu, mkimbize hospitali. Kufunga ndiko kulikoozesha mkono wa huyu mama. Na si mtoto aliyekosa. Mtoto alifanya vile nilimfundisha. Kosa ni langu."

Mzee mmoja wa kanisa, mwenye mjukuu katika darasa langu, akainuka polepole.

"Lakini mwalimu, si hiyo ndiyo jibu ya mtihani? Mjukuu wangu alipata."

"Ndiyo jibu ya mtihani."

"Sasa watoto waandike gani?"

Watu wakanigeukia, na nikaona kwamba walitaka kulijua hilo kwa dhati. Nikamgeukia msichana, nikapiga magoti mbele yake nikiwa mtu mzima hivi, nikamwambia si wewe uliyekata, umesikia, si wewe, ni mimi. Nilitaka niuone uso wake ukifunguka. Nilikuwa nimeutamani wakati huo kwa wiki nyingi.

Alinitazama kwa makini, kama anayesoma swali mara ya pili.

"Madam, ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema nilijulia hospitalini kama yeye, naye angeniamini. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu na sikukumbuka kukizima.

"Siku kumi na moja kabla mama yako hajaumwa," nikasema, na kanisa lote likasikia.

Mama yake alikuwa karibu nami kiasi kwamba leso yake ilinigusa bega. Msichana akamshika kiwiko cha kulia, akamgeuza taratibu, na watu wakasogeza miguu yao kuwapisha hadi mlangoni. Mvua ilikuwa haijapungua. Walitoka hivyo hivyo, bila mwavuli.